Sikumwachia Consolata Nafasi Yangu

Kerege, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nasra,

Umekwenda Fukayosi na baba yako kumuaga bibi, na mimi nimesingizia kichwa ili nibaki. Kichwa hakiniumi. Nilitaka saa mbili tatu za peke yangu na karatasi hii, kwa sababu kesho unasafiri kwenda masomoni na kuna jambo ambalo nisipokueleza mimi utaelezwa na mtu mwingine, tena si kama lilivyokuwa. Ameshaanza kukueleza.

Mambo ya koti na soksi nzito tumeyazungumza mpaka ukanicheka. Ya kula, ya kuswali, ya kupiga simu, unayajua. Sitayarudia.

Wiki tatu zilizopita uliniomba nikutolee nakala za karatasi zako kule Dunda, kwa yule dada wa fotokopi karibu na soko. Alikuwa akizitoa kwenye bahasha mojamoja na kuniwekea mkononi, na mojawapo ilikuwa barua ya msimamizi wako, yule ambaye siku zote ulikuwa ukimwita "Profesa" tu. Nikaona jina chini. Consolata. Nikaisoma palepale nimesimama. Ameandika kwamba anafurahi kumpokea katika maabara yake binti wa rafiki yake wa utotoni, "aliyeniachia nafasi yake kwa moyo mweupe."

Yule dada akaniuliza, "Mama, nakala ngapi?" Akauliza tena. Nikasema mbili, kumbe ulitaka tatu. Ndiyo maana ilibidi urudi mwenyewe kesho yake, na ukanilalamikia.

Nasra, ulijua. Barua ile ina miezi minane. Miezi minane tumekula sahani moja, nimekusuka nywele, umeniuliza mambo ya viungo vya pilau, na unajua unakwenda kwa nani, na kwamba mtu huyo ananifahamu tangu utoto. Hukuniuliza hata neno moja. Umeniuliza mara mbili kwa nini siku hizi sisemi. Ni hilo. Limeniuma, na limeniuma mahali ambapo nilidhani pameshakufa ganzi.

Lakini nilipojiuliza kwa nini ulinificha, jibu nililijua. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, ulikuja na fomu umejaza fizikia, kemia na baiolojia. Nilikuuliza, "Kemia ya nini?" Ukasema, "Naipenda, mama. Si wewe unaifundisha?" Nikaichana ile fomu mbele yako. Watoto wa watu nawafundisha kemia kila siku asubuhi hapa sekondari, wangu nikamchania karatasi. Baba yako ndiye aliyekwenda kuomba nyingine. Hukuniuliza sababu siku ile, na mimi sikukueleza. Mtoto aliyechaniwa fomu atakuja vipi kumwonyesha mama yake barua? Kosa hilo ni langu, na ninaanza nalo.

Sasa nikueleze.

Baba yake Consolata alikuwa mwalimu, alihamia Bagamoyo kutoka Songea, wakapanga nyumba ya pili kutoka kwetu Dunda. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu. Idi alikula kwetu, Krismasi nilikula kwao. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, dawati moja sekondari, chumba kimoja chuoni. Mama yangu alikuwa akinunua kitambaa anashona gauni mbili. Watu walituita mapacha, na mimi nilipenda kuitwa hivyo. Sikuwahi kuwa na dada.

Tulipomaliza shahada ya kwanza, profesa wetu, mzee mmoja mpole aliyekuwa karibu kustaafu, alituchukua sote wawili kwa shahada ya pili. Kemia ile wewe sasa unaijua kuliko mimi, ila acha niieleze kwa maneno yangu, maana ndivyo nilivyoipenda.

Kuna molekuli ambazo ni kama mikono. Vidole vilevile, urefu uleule, lakini wa kulia hauingii kwenye glavu ya kushoto. Dawa nyingi ziko hivyo. Ya mkono mmoja inatibu, ya mkono wa pili haifanyi lolote, au inadhuru. Na ukizitengeneza kwa njia ya kawaida unapata nusu kwa nusu, zimechanganyika, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Profesa alitaka tutengeneze alkoholi fulani ya mkono mmoja tu, ambayo ni hatua ya katikati kuelekea dawa, na alitaka tuanzie kwenye utomvu wa misonobari ya kwetu, ile ya nyanda za juu kusini. Ndani ya tapentaini, yale mafuta yanayotolewa kwenye utomvu huo, kuna kimiminika kinachoitwa pinini, na mti wenyewe unapoitengeneza hupendelea mkono mmoja. Unachukua pinini mbili, unaziunganisha na atomu moja ya boroni katikati, unapata kitendanishi, yaani kemikali ya kuibadilisha nyingine, kilichoegemea upande. Molekuli nyingine ikikijia, inakuta upande mmoja umezibwa na zile pinini nene, inalazimika kupita upande uliobaki. Ukimaliza unaosha kwa peroksaidi na soda kali, boroni inatoka, pinini zinatoka, unabaki na alkoholi ya mkono mmoja.

Nilipoelewa jambo hilo mara ya kwanza sikulala vizuri kwa furaha. Nilimweleza mama yangu akiwa anachambua mchele. Akasema, "Kwa hiyo mti unajua kulia na kushoto?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi Mungu fundi," akaendelea na mchele wake.

Wataalamu wa nje walikuwa wameshaifanya kazi hiyo zamani. Sisi tulitaka kuifanya kwa tapentaini yetu, nayo ikakataa. Mti unapendelea mkono mmoja, lakini si kabisa kabisa. Kila mara kuna kiasi cha mkono wa pili kimejificha humo. Kwa miezi nilikuwa nikipeleka alkoholi yangu kwenye polarimita, kile chombo kinachopima jinsi mwanga unavyopindishwa, na namba inakuja ndogo, ya aibu. Consolata alikuwa na kazi yake nyingine mezani kwake, lakini jioni alikaa nami. Tuliosha vyombo pamoja. Boroni tuliyokuwa tukitumia ilikuja kwenye kimiminika kinachonuka kama kabichi iliyooza, na tulikuwa tukipanda basi la kurudi bwenini watu wanasogea mbali nasi, tunacheka mpaka machozi.

Halafu baba yangu akafariki. Nilikuwa nimeshachanganya vitu vyangu asubuhi ile. Nikaiziba chupa, nikaiacha kwenye friji chini ya gesi ya naitrojeni, nikaja Dunda msibani. Nilirudi siku ya nne. Nilikuta ndani ya chupa chembe nyeupe zimeganda, nzuri, kama chumvi ya mawe. Nilitaka kuzimwaga. Nikajisemea, acha nizitumie hivyohivyo. Nikamwaga kimiminika cha juu tu, nikatumia chembe zile.

Namba iliyotoka kwenye polarimita niliisoma mara tano. Nikamwita Consolata aisome yeye. Akaisoma, akanishika mabega, tukaruka kama watoto.

Kumbe chembe zile zikipewa muda kwenye baridi huchagua. Zinajijenga kwa pinini za mkono mmoja, na ule mkono wa pili unabaki kwenye kimiminika. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba hilo nalo lilikuwa linajulikana, ila vitabu hivyo sisi hatukuwa navyo. Mimi nililipata kwa sababu nilikuwa namzika baba yangu. Nilirudia mara tatu, nikaandika kila kitu kwenye daftari langu la jalada jeusi. Profesa alilisoma lote amesimama. Akasema, "Binti, mwaka huu kuna mgeni anakuja kutoka Ulaya anatafuta mwanafunzi mmoja wa udaktari. Jiandae."

Wakati huo, Nasra, nilikuwa na mimba yako.

Mimi na baba yako tulikuwa tumechumbiana, lakini ndoa ilikuwa haijafungwa, na matanga ya baba yangu hayajapoa. Unawajua watu wa mtaa wetu. Na kulikuwa na jambo la pili: maabara ile ilikuwa na dawa kali, na mwanamke mwenye mimba hakuruhusiwa kuzishika. Nikisema, natolewa. Nilipanga nimalize majaribio mawili, mgeni aje, nipate nafasi, ndipo niseme. Nilikuwa nafanya ujinga, tena ujinga wa kukuhatarisha wewe. Hilo ni kosa langu la pili, na sijawahi kulisema kwa sauti.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Nilimwambia chumbani, taa imezimwa, nimelala kitandani kwangu na yeye kwake. Akasema, "Usiogope. Niko na wewe."

Wiki mbili baadaye Profesa aliniita ofisini. Daftari langu la jalada jeusi lilikuwa mezani kwake.

"Mwenzako ameniambia hali yako," akasema, macho yake yako dirishani, maana alikuwa mzee mwenye haya. "Amesema umeamua kupumzika, na umeridhia yeye aendelee na kazi, kwa kuwa mliifanya pamoja. Umefanya vizuri, binti. Afya kwanza."

Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na sauti. Ningeweza kusema, Profesa, sijaridhia lolote, na kazi hiyo niliifanya peke yangu. Lakini alikuwa ametaja "hali yangu," na nilihisi nimevuliwa nguo mbele yake. Nikasema, "Sawa, Profesa." Nikatoka. Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani maisha yangu yote, kila mara nikijaribu kuweka mengine mahali pake.

Nilimkuta Consolata nyuma ya jengo, kwenye bomba, anasuuza ndoo.

"Umemwambia."

Hakukana. "Mwanaidi, zile dawa zinaweza kumdhuru mtoto. Ulitaka ninyamaze?"

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungenisikiliza?"

Nisingemsikiliza. Nakwambia kweli, nisingemsikiliza, na hapo ndipo alipokuwa amenishika. Nikamuuliza, "Na jina langu? Jina langu kwenye kazi yangu lingemdhuru mtoto?"

Akafunga bomba. Akasema, "Nafasi ni moja. Wewe huwezi kwenda. Basi isiende kwa mtu tusiyemjua." Alilisema kwa upole, kama mtu anayegawa chakula. Ripoti ilipotoka nilikuta juu jina lake na la Profesa tu. Mimi nilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, kwa "msaada wa maabara."

Hadi leo sijui ni nusu gani ya maneno yake ilikuwa kweli. Ingekuwa yote uongo ingenirahisishia maisha. Angekuwa mwizi tu, ningemtukana, nikasahau. Lakini alikuokoa wewe na akaniibia mimi kwa mkono mmoja, na siwezi kushukuru hilo bila kulihesabu lile.

Ningependa hadithi iishie hapo, nikiwa mimi ndiye niliyetendwa. Kwa miaka nimejisimulia hivyo. Haiishii hapo.

Mgeni kutoka Ulaya alitaka kuona kazi ikifanyika kwa macho yake. Consolata akatengeneza kitendanishi kwa kufuata daftari langu, akakiweka kwenye friji kigande, mgeni anakuja Jumatatu. Kitendanishi kile hakivumilii hewa wala unyevu. Ndiyo maana kinakaa chini ya naitrojeni na kimezibwa kwa mpira. Aliyekuwa akisimamia mitungi ya naitrojeni na vizibo vyote alikuwa mhudumu wa maabara, Mzee Shomari, mtu wa kwetu Dunda. Mikono yake haikuwahi kukosea. Alinifundisha kushika sindano ndefu bila kutetemeka. Akipita mezani kwangu alikuwa akisema, "Taratibu, mwanangu, chupa haina haraka."

Ijumaa mchana watu walikuwa wamekwenda kula na kuswali. Nilikuja kuchukua vitu vyangu mezani, kwa kuwa nilishaambiwa nisiingie tena. Maabara ilikuwa tupu. Nilifungua friji, nikaiona chupa, na chembe zangu nyeupe zimeanza kujijenga ndani yake kwa ajili ya mtu mwingine. Nikang'oa kizibo, nikaacha hewa iingie, nikaufunga mlango wa friji, nikaondoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kusoma maneno haya.

Jumatatu hakukuwa na kitu humo zaidi ya ujiuji. Profesa aliaibika mbele ya mgeni. Lakini mgeni alilisoma daftari, akaona namba zilizorudiwa mara tatu, akatosheka. Consolata akapata nafasi. Chupa ile haikumdhuru hata kidogo.

Aliyedhurika ni Mzee Shomari. Vizibo vilikuwa vyake, friji ilikuwa yake. Wakamuuliza, akasema, "Mimi niliziba." Wakamuuliza tena, akasema hivyohivyo, hakuongeza neno. Wakamwachisha kazi kwa uzembe. Nilisikia habari hizo Dunda, siku nne kabla ya ndoa yangu, ninapakwa hina. Nikajisemea nitakwenda kusema kweli baada ya harusi. Kisha nikajisemea baada ya kujifungua. Kisha wewe ukaanza kutambaa.

Consolata aliondoka alfajiri moja bila kuniaga. Na mimi sikurudi chuo. Nilichukua cheti cha ualimu, nikaja hapa Kerege, nikajenga maisha juu ya maneno "nilisalitiwa." Ni maneno ya kweli. Lakini niliyatumia kama pazia, na nyuma ya pazia alikuwa amekaa mzee mmoja. Kila nilipokwenda Dunda nilimwona nje ya nyumba yake akitengeneza majiko ya gesi ya watu, maana mitungi na mipira ndiyo kazi aliyoijua. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikapita. Umri wako wote nimekuwa nikimpa shikamoo na kupita.

Siku ile ya fotokopi, nilipoisoma barua ya Consolata, nilitoka dukani nikiwa nawaka. Nilitaka kumpigia simu, kumwandikia, kumtangaza. Moyo mweupe! Amewezaje kuandika vile, akaweka sahihi? Nilitembea bila kuangalia ninakokwenda, nikajikuta mbele ya Mzee Shomari na jiko lake limepinduliwa. Na nikasikia swali lile likinigeukia: mimi je, nimewezaje?

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kwa mara ya kwanza sikupita. Nikasema, "Mzee, ile chupa ni mimi niliyeifungua."

Hakuinua kichwa. Alikaza nati, akaipima kwa kidole, akakaza tena. "Najua," akasema. "Nilirudi siku ile kuchukua kofia yangu. Nilikuona kwenye kioo cha mlango."

Akanisogezea kigoda kwa mguu wake, nikakaa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na mimba. Siku zote ile harufu ya kabichi ilikuwa haikusumbui, mara ukawa unakimbilia nje umeziba mdomo. Nina watoto sita, mimi si mgeni wa mambo hayo. Nikaona, mimi nimeshazeeka, mikono yangu itapata kazi. Wewe wakikufukuza kwa aibu hiyo juu ya nyingine, utakwenda wapi?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema jambo ambalo ndilo linalonifanya nikuandikie. Akasema, "Usilie kana kwamba nilikuwa malaika. Mwaka wa kwanza nilikusamehe. Mwaka wa pili nikakasirika. Ulikuwa unapita hapa, unanisalimia vizuri, umebeba mtoto wako, na kila siku nikasema leo atasimama. Leo atasimama. Mke wangu mpaka leo anajua nilifukuzwa kwa uzembe. Nilikuwa nangoja uje umwambie wewe, maana mimi nikimwambia atadhani najitetea."

Nilimwambia mkewe, Mama Said, palepale, jikoni kwake, nimesimama kama mwanafunzi. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakunikaribisha chai. Alikuwa na haki yake.

Kesho yake nilikwenda chuo. Profesa wetu alishafariki. Mkuu wa idara sasa ni dada mdogo, umri wa wale niliowafundisha mimi. Akasema majalada ya zamani hayapo tena, hana hata karatasi inayoonyesha Mzee Shomari aliwahi kufanya kazi pale. Nikamwambia, basi andika mpya. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, nikayatia sahihi. Akayasoma yote. Alichukua siku kumi, lakini akaandika: barua fupi ya idara, inayosema chupa ile iliharibiwa na mwanafunzi, kwamba Shomari hakuwa na kosa, na kwamba idara inamwomba radhi. Jina langu limo. Nilitaka liwemo.

Nilimpelekea juzi. Macho yake hayasomi vizuri siku hizi. Nikamsomea. Akasikiliza ameshika goti. Nilipomaliza akasema, "Soma tena, kwa sauti. Mama Said yuko jikoni." Nikasoma tena, kwa sauti, na majirani wakatoka milangoni, nikasoma mpaka jina langu.

Safari hii nililetewa chai.

Nasra, sikwambii usiende. Consolata ni mkemia hodari, alikuwa hodari hata kabla ya daftari langu, na utajifunza kwake mambo ambayo mimi sikuyafikia. Wala sikwambii umchukie. Mimi nimemchukia vya kutosha kwa niaba ya nyumba nzima, na sitakuficha, bado sijamaliza. Bado nikikumbuka ile ndoo na ule upole wake, naacha kazi niliyoishika. Nimekuwa nikingoja aniandikie. Nilidhani nimeacha kungoja, kumbe nilikuwa nangoja tu, na alipoandika hatimaye hakuniandikia mimi. Akikuuliza habari zangu, mwambie ukweli: mama anasema hakukuachia nafasi yake. Useme kwa adabu, mara moja tu, kisha urudi mezani kwako. Atakalolifanya na maneno hayo ni lake.

Na kuna mzigo mmoja nakukataza kuubeba. Usije ukakaa huko kwenye baridi ukajiambia kwamba mama alikosa kwa sababu yako. Mimba haikuninyang'anya kitu. Aliyeninyang'anya ana jina, na aliyesema "Sawa, Profesa" ana jina, na wewe humo hukuwemo.

Kama kuna jambo nililolielewa, nimelielewa nikiwa nimechelewa: aliyekuumiza hakupi ruhusa ya kumuumiza wa pembeni. Niliamini kwa miaka kwamba maumivu yangu yalikuwa makubwa kiasi cha kutosha kulipia na lile la chupa. Hayakutosha. Mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali, la Consolata kivyake na la Mzee Shomari kivyake, na lile moja tu ndilo lililokuwa mikononi mwangu kulirekebisha.

Sijaiweka barua hii ndani ya begi lako uje kuikuta huko, ukiwa mbali, huna wa kumuuliza. Nilifikiria kufanya hivyo. Ingekuwa rahisi kwangu. Nitakupa mkononi leo, ukirudi, kabla ya chakula. Ulinificha na mimi nilikuficha, tumeshakuwa sawa kwa hilo, sitaki tuagane hivyo. Ukaisomee chumbani kwako. Ukikasirika, kasirika. Kama unataka kunigombeza, njoo unigombeze nikiwa mbele yako, na baba yako akiuliza kuna nini, nitamwambia mwenyewe.

Nitakuwa jikoni. Mlango hautafungwa.

Mama yako,
Mwanaidi